Jiko la Moshi na Njia ya Hewa

Jiko la moshi la Texas lina sehemu tatu. Ya kwanza ni tanuri, kisanduku cha chuma ambamo kuni huwaka. Ya pili ni pipa refu lililolazwa, ambamo nyama hupangwa juu ya chanja. Ya tatu ni dohani, inayosimama mwisho wa pipa, mbali na tanuri. Tanuri limefungwa ubavuni mwa pipa, chini kidogo, hivyo nyama haiuoni moto. Kinachoiivisha ni hewa ya moto na moshi vinavyotambaa kutoka upande mmoja hadi mwingine vikitafuta pa kutokea. Hapo ndipo linapoachana na uchanja wa kubanikia samaki kando ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Viktoria, ambako moto huwa chini na samaki juu yake. Moto ukiwekwa kando, kidari cha ng'ombe chenye kilo 5 au 6 kinaweza kukaa ndani saa 10 hadi 14, katika joto la nyuzi 110 hadi 135 za Selsiasi, bila kuungua, mpaka kolajeni inayokaza misuli igeuke jelatini na nyama iachie.

Katika Texas na Oklahoma, mafundi waliozoea kuchomea mabomba ya visima vya mafuta ndio waliolipa jiko hili umbo lake, wakitumia vipande vya mabomba vilivyobaki kazini na matangi makuukuu ya gesi. Chuma chao kilikuwa na unene wa milimita 6 au zaidi. Aaron Franklin, aliyeanza kuuza nyama kwenye trela mjini Austin mwaka 2009 na kupata sifa kubwa, hupika katika matangi ya gesi yaliyogeuzwa kwa namna hiyohiyo. Majiko ya bei nafuu yanayouzwa madukani yaliiga umbo lakini hayakuiga uzito. Kuta zake ni bati la milimita 2 hivi, watu wawili wanalibeba jiko zima bila taabu, na joto linalipita bati hilo karibu kwa urahisi uleule.

Jiko lililozaa kumbukumbu hizi ni la aina hiyo ya pili. Lilinunuliwa likiwa limetumika, likawekwa nyuma ya nyumba ya kupanga huko Houston, na mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga aliyekulia kwenye jiko la mkaa na kuamini kwamba moto ni moto. Kwa miaka mitatu lilitobolewa, likazibwa, likaongezewa mabamba na matofali. Baadhi ya mabadiliko hayo yalilisaidia sana. Mengine yaliliharibu, yakalazimika kuondolewa.

Kosa la kwanza halikuwa la chuma. Lilikuwa la mazoea. Kwenye jiko la mkaa, mpishi akitaka kupunguza joto hufunga kilango cha chini, na hakuna kinachoharibika, kwa sababu mkaa umekwisha kutoa sehemu kubwa ya gesi zake kule porini ulikochomwa. Kuni ni kitu kingine. Ikipashwa hutoa maji kwanza; kisha, kuanzia nyuzi 200 hivi na kuendelea, mti wenyewe huvunjika na kutoa gesi. Gesi hizo zikipata hewa ya kutosha huwaka na kuonekana kama ndimi za moto. Zikikosa hewa, hupanda zikiwa hazijaungua, zikaingia kwenye pipa kama moshi mzito mweupe na kutua juu ya nyama. Kidari cha kwanza kilitoka na ganda jeusi linalonata, chungu kiasi cha kutia ganzi ulimi. Kilango cha hewa cha tanuri kilikuwa kimefungwa robo tatu na dohani nusu, na kipimajoto cha kifuniko kilionyesha nyuzi 120 zilizotakiwa. Kwa mujibu wa kipimajoto, kila kitu kilikuwa sawa.

Aliyewahi kuwasha taa ya chemli analijua jambo hili bila kufundishwa. Utambi ukiwaka bila kioo, mwali hutoa masizi. Kioo kikirudishwa, mwali hutulia na kung'aa, kwa sababu kioo ni dohani: hewa ya moto ndani yake hupanda na kuvuta hewa mpya kutoka chini. Jiko la moshi ni chemli kubwa iliyolazwa ubavu. Moto wake ukipumua vizuri, moshi unaotoka juu ya dohani huwa mwembamba, wa rangi ya samawati, na mara nyingine hauonekani kabisa ila joto lake likipepea hewani. Moshi huo ndio wenye gwayakoli na siringoli, kemikali zinazotoka katika lignini ya mti na kuipa nyama harufu inayotafutwa. Mzee jirani, fundi mstaafu wa mabomba ya mafuta, alipoiona dohani imefungwa nusu alisema neno moja tu, kwamba dohani haifungwi. Ilichukua miezi kadhaa neno hilo kueleweka.

Kabla ya kubadilisha chochote, jiko linapaswa kupimwa. Kipimajoto cha kifuniko hakitoshi. Hukaa juu, mbali na chanja, na mara nyingi si cha kuaminika. Hicho kilipotumbukizwa kwenye maji yanayochemka kilisoma nyuzi 91, na Houston iko karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Vilinunuliwa vipimajoto viwili vya waya, kimoja kikafungwa kwenye chanja upande wa tanuri na kingine upande wa dohani, sentimita 3 juu ya wavu. Upande wa tanuri ulikuwa nyuzi 165. Upande wa dohani ulikuwa 110. Jaribio la pili ni rahisi zaidi, na wapishi wa Texas hulifanya kwa vipande vya unga wa biskuti. Hapa zilitumika slesi za mkate, zikatandazwa chanja nzima kwa dakika 20. Slesi za karibu na tanuri ziliungua zikawa nyeusi, za katikati zikapata rangi ya kahawia upande mmoja, na za mwisho zilitoka nyeupe kama zilivyoingia. Ramani ya joto ya jiko zima ilikuwa imechorwa kwa mkate wa dola chache. Slesi hizo zilirudiwa baada ya kila badiliko, na ndizo zilizoamua kipi kibaki.

Kinachoisukuma hewa ndani ya jiko ni nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 ina uzito wa kilo 1.2 hivi, ikipashwa hadi nyuzi 120 hubaki na kilo 0.9. Tofauti hiyo, katika dohani yenye kimo cha sentimita 60, huzaa mvuto usiofika paskali 2. Karatasi mbili za ofisini zikilazwa mezani huikandamiza meza kwa kiasi hichohicho. Kwa nguvu hiyo ya karatasi mbili, jiko linatakiwa kuvuta hewa kupitia kilango, katikati ya makaa, kwenye koo linalounganisha tanuri na pipa, chini ya nyama yote, na juu hadi nje. Ufa wowote njiani huiba sehemu ya nguvu hiyo.

Ndiyo maana kazi ya kwanza iliyofaa ilikuwa ya kuziba. Taa ya mkononi iliwekwa ndani ya pipa usiku, kifuniko kikafungwa, na mwanga ukatoka karibu pembe zote. Nyufa za juu, upande wa tanuri, ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na kutokea hapo kabla haijaigusa nyama. Nyufa za chini huingiza hewa baridi ambayo haikupita motoni. Ukingo wa kifuniko ulisafishwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kitupu, ukapakwa gundi yake, ukabandikwa gasketi ya nyuzi inayostahimili joto. Makomeo mawili ya kukazia yalifungwa mbele, maana gasketi bila kukazwa ni pambo. Maungio ya pipa na dohani yalijazwa silikoni ya joto kali, ile iliyoidhinishwa kugusa chakula. Silikoni hiyo haivumilii tanuri. Huko ndani huungua na kunuka. Kati ya tanuri na pipa, boliti zilikazwa upya na gasketi ya kamba ya majiko ya kuni ikawekwa. Kazi yote ilichukua siku moja na bei yake haikuzidi ya kidari kimoja. Moshi ulianza kutoka kwenye dohani peke yake. Hakuna badiliko jingine lililoleta faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo, na mtu mwenye nafasi ya kufanya moja tu afanye hilo.

Badiliko la pili liliharibu. Kwa kuwa hewa ya tanuri ilikuwa ikipaa kupitia koo na kuunguza robo ya kwanza ya chanja, bamba la chuma lilikatwa na kufungwa mbele ya koo, likiwa limeinama kuelekea chini ili lisukume joto chini ya nyama. Wazo lenyewe ni sahihi na linajulikana. Lakini bamba lilisimama karibu wima, na uwazi uliobaki chini yake ulikuwa mwembamba kama vidole viwili. Moto ulianza kuzimika kila kuni ilipoongezwa. Moshi mweupe ulirudi, sasa ukitokea kwenye kilango cha hewa, mbele ya tanuri, dalili kwamba njia ya kwenda mbele imezibwa. Wikendi mbili zilipotea katika kulaumu kuni.

Kanuni iliyopatikana kwa gharama hiyo ni ya hesabu. Dohani ya jiko hilo ilikuwa na kipenyo cha milimita 75, yaani eneo la sentimita za mraba 44. Hakuna mahali popote katika njia ya hewa panapopaswa kuwa pembamba kuliko dohani, na ni vizuri pawe papana mara mbili au zaidi, kwa sababu kila kona hupunguza kasi. Bamba lilikunjwa upya, likalazwa kwa mwinamo mdogo, sentimita 10 hivi kutoka kwenye koo, na uwazi wake ukapimwa kwa rula kabla ya boliti kukazwa.

Baada ya hapo yalifuata mabamba ya kulaza. Haya ni vipande vinne vya chuma cha milimita 5, vilivyokatwa kwa upana wa pipa na kulazwa chini ya chanja bila kuchomewa, ili viweze kusogezwa. Hufanya kazi mbili. Kwanza, hubeba joto: bati jembamba halina akiba, kifuniko kikifunguliwa joto lote hutoka, lakini kilo 15 za chuma zilizokwisha kupata moto hulirudisha pipa kwenye hali yake kwa dakika chache. Pili, nafasi kati yao huamua hewa ipande wapi. Karibu na tanuri hubananishwa. Kadiri yanavyokwenda kwenye dohani huachwa nafasi, milimita 5, kisha 15, kisha 30. Hapa slesi za mkate zilikuwa hakimu. Bamba lilisogezwa kidogo, mkate ukawekwa, likasogezwa tena. Jioni moja ilitosha, na tofauti kati ya pande mbili ilishuka kutoka nyuzi 55 hadi nyuzi 15. Nyuzi 15 hizo zilizobaki si kasoro. Kidari kina ncha nene yenye mafuta na ncha nyembamba kavu, na ncha nene ikielekezwa kwenye tanuri hunufaika nazo.

Kuna wanaopendelea kwenda mbali zaidi, wakachomea bamba moja refu lisilo na tundu na kuihamishia dohani upande wa tanuri, ili hewa iende chini hadi mwisho kisha irudi juu ya nyama. Joto husawazika kweli. Lakini njia ya hewa huwa ndefu, na katika jiko jembamba lenye dohani ndogo mvuto huchoka. Ni mpango wa jiko zito.

Dohani yenyewe ilihitaji mambo mawili. Katika majiko ya bei nafuu huanzia juu ya pipa, kwa hiyo hewa ya moto hupita kwenye kuba ya kifuniko na kutoka, huku chanja ikiachwa na hewa iliyopoa. Bomba fupi la bati liliingizwa kwa ndani na kushushwa karibu na usawa wa chanja, ili hewa ilazimike kushuka hadi kwenye nyama kabla ya kutoka. Tofauti kati ya kuba na chanja ilipungua kwa zaidi ya nusu. Kisha kimo cha nje kiliongezwa kwa sentimita 30. Faida ya kimo ipo lakini haiongezeki kama wengi wanavyotarajia. Dohani ikirefushwa mara mbili, mvuto huzidi mara mbili, lakini hewa inayopita huongezeka kwa karibu asilimia 40 tu. Zaidi ya hapo ni heri kupanua kuliko kurefusha.

Bati la bomba hilo lilichaguliwa kwa makini. Bomba lililopakwa zinki, lile la mifereji ya paa, ni rahisi na linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, nalo halifai kuwekwa karibu na moto unaopikia. Zinki ikipata joto kali hutoa mvuke unaomtia mtu homa na kichefuchefu, na mafundi wa kuchomea wanaijua homa hiyo vizuri. Lilitumika bati la chuma kisichoshika kutu. Kwa sababu hizohizo za kiafya jiko halikuingizwa kamwe kwenye gereji, hata siku za mvua za Houston zinaposhinda kutwa. Moto wa kuni na mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo imeua watu wengi waliojikinga na baridi au mvua kwa jiko ndani ya nyumba. Mvua ikinyesha, nyama husubiri.

Ndani ya tanuri, wavu wa kiwandani ulikuwa umelala sentimita 4 tu juu ya sakafu. Baada ya saa tatu majivu yaliufikia, hewa ya chini ikafa, na moto ukawa wa juu tu. Wavu uliinuliwa hadi sentimita 10, na juu yake likawekwa karai la wavu mzito lisilo na kitako cha bati, ili makaa yakae pamoja badala ya kusambaa. Matofali ya tanuri, yale ya kustahimili moto, yalipangwa ukutani na chini, bila saruji. Msomaji wa Kenya atalikumbuka jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani ya ganda la bati, lililoenea tangu miaka ya 1980. Udongo wa jiko lile hulizuia joto lisipite nje. Matofali haya hufanya hivyo pia, na zaidi huweka akiba, hivyo kuni mpya ikiingia hukuta ukuta wenye moto na kushika mara moja.

Kuni zenyewe ni nusu ya mabadiliko, ingawa hazihitaji grinda wala drili. Tanuri dogo halilishwi magogo. Vipande vya urefu wa sentimita 25 hadi 30, vinene kama kifundo cha mkono, huwaka kwa mwali safi na huongezwa kimoja kimoja kila dakika 30 au 40. Kipande kinachofuata huwekwa juu ya tanuri kipashwe, ili kikitumbukizwa kisitumie joto la makaa kujikausha. Kuni iwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Mbichi hutoa mvuke, na kuni iliyokaa sana mpaka ikawa nyepesi kama boriti ya zamani huisha kabla haijaacha kaa. Texas ya kati hupendelea mwaloni kwa sababu ya moshi wake mpole na kaa linalodumu. Magharibi zaidi hutumika mti wa jamii ya Prosopis, ndugu wa mathenge iliyovamia malisho ya Baringo. Mti huo huwaka kwa joto kali na moshi wake ni mkali. Unafaa nyama choma ya dakika 20, lakini kwa kidari cha saa 12 ni mzito mno.

Yote haya yakiwa mahali pake, namna ya kuendesha jiko ilibadilika kabisa. Dohani hubaki wazi yote. Kilango cha hewa hubaki wazi, kikifungwa kidogo tu upepo unapokuwa mkali. Joto huongozwa kwa ukubwa wa moto: likipanda, kuni inayofuata hucheleweshwa, likishuka, huongezwa nyembamba inayoshika upesi. Moto mdogo unaopumua huushinda moto mkubwa uliokabwa, kwa ladha na hata kwa akiba ya kuni. Jiko huelekezwa ili upepo uingie kwenye kilango, usiingie kwenye dohani, na wakati wa Januari, baridi ya kaskazini inaposhuka ghafla, blanketi la kuchomea hutandikwa juu ya pipa bila kugusa tanuri.

Kilichobaki ni kutu. Majivu yakilowa hewa ya Ghuba ya Meksiko huwa kama magadi, na hula chuma. Katika mwaka wa tatu sakafu ya tanuri ilitoboka chini ya matofali, mahali ambapo jicho halikufika. Mzee jirani alichomea bamba la milimita 6 mahali pa lile la zamani, akaacha tundu la kutolea maji kwenye pembe ya nyuma, na miguu ya upande wa tanuri akainyanyua kwa kipande cha ubao ili mafuta ya pipa yateremke kuelekea dohani, yasirudi motoni. Tangu hapo majivu hukombwa siku ileile jiko likipoa, kuta za tanuri hupakwa mafuta ya kupikia zikiwa bado vuguvugu, na kopo la bati hufunika dohani mpaka wikendi nyingine.